Kadena ya Tatu

Jumapili hiyo pia watoto walikuja. Walikuja moja kwa moja kutoka misa, wakavua viatu mlangoni pa Mama Domitille kama alivyowazoeza, wakakaa juu ya mkeka kulizunguka sanduku la chuma. Kila mmoja alikuwa na pesa yake kidogo, mwingine ameikunja ndani ya kiganja, mwingine ameifunga kwenye pembe ya kitambaa, na hakukuwa na pahali pa kuiweka.

Sanduku lilifungwa kwa kadena tatu, kufuli za chuma. Emery akafungua ya kwanza. Rébecca akafungua ya pili. Ya tatu ilibaki imefumba mdomo, imepakwa mafuta ya mawese isishikwe na kutu, inang'aa kuliko wenzake.

"Tungoje kidogo," Mama Domitille akasema.

Wakangoja. Upepo ukapita kwenye lango la bati, na wote, hata wale wadogo, wakageuza shingo. Maana Orly, mwenye ufunguo wa tatu, hakuwa mtoto wa kubisha hodi. Alikuwa akifika langoni anaburuza ufunguo wake juu ya bati, kri-kri-kri, kutoka juu mpaka chini, hadi mbwa wa jirani anabweka. Mama Domitille alikuwa amemkemea sana kwa kelele hiyo. Sasa alikuwa anaisikia mtoto mwenyewe akiwa hayupo. Aliisikia akitwanga majani ya mihogo, sombe ya jioni. Aliisikia katikati ya rozari, akapoteza hesabu ya Salamu Maria, akaanza upya. Akitoka kutazama, barabara ya Rwambuzi ilikuwa vumbi tupu na kuku wa watu.

"Basi, tusali," akasema mwishowe.

Wakasali, wakazirudisha zile kadena mbili, wakavaa viatu. Kupitia dirishani aliwaona wakisimama penye kibanda cha kona, Lionel mdogo mbele yao, wananunua biskuti. Jumapili iliyotangulia walifanya vilevile. Hakuwagombeza. Angewagombeza kwa neno gani?

Sanduku lile lilikuwa wazo lake, hakuna aliyemtuma. Masomo yake yalikomea darasa la sita, lakini macho yake hayakukomea hapo. Alikuwa ameona jinsi watoto wa Bunia walivyozoea kula yote leo, kwa sababu kesho waliwahi kuiona ikiungua. Mtoto anauza karanga kutwa nzima, jioni hana kitu. Ukimwuliza, anakujibu: "Mama, nikiweka, nitakimbia nayo?" Jibu la swali hilo alikaa nalo muda mrefu. Kisha akapeleka pipa kuukuu kwa fundi wa kuchomea vyuma, fundi akalikata, akatengeneza sanduku. Kwa vipande vya vitenge akashona mifuko, kila mtoto na mchoro wake, ua au ndege, ili hata asiyejua kusoma asikosee mfuko. Na kabla pesa haijaingia, mtoto alipaswa kusema mbele ya wenzake anatafuta nini.

"Pesa ambayo haina kazi," aliwaambia, "ni kuku asiyekuwa na mwenyewe. Kila anayepita atamukamata."

Emery alisema anatafuta pesa ya examen, mtihani wa shule. Rébecca alisema sungura wawili, dume na jike, wakamcheka. Orly alisema bati.

"Bati ngapi?" Mama Domitille akauliza.

"Moja."

"Moja utafunika nini nayo? Kichwa?"

"Moja ikifika, itaita ingine," Orly akasema, wala hakucheka.

Mambo ya funguo yalikuwa na maana yake. Wakati ule redio ilikuwa inasema amani imerudi, na kweli ilikuwa imerudi, lakini ilikuwa amani ya kulala na viatu. Watu walinunuliana nyanya sokoni na kuulizana habari za watoto, ila hakuna aliyependa kumpa mwenzake mgongo. Ndipo Mama Domitille akampa ufunguo wa kwanza Emery, mtoto wa palepale Rwambuzi. Wa pili akampa Rébecca, ambaye watu wake walikuwa wa upande mwingine wa vita. Wa tatu akampa Orly, wa kambi ya waliokimbia vijiji, aliyefika mjini na mama yake na godoro moja. Wote watatu wakae chini pamoja, sanduku lifunguke. Mmoja akikosa, hakuna anayegusa kitu.

Kwa Orly alikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakumwambia mtu. Watoto wa kambini walikuwa wanakuja Jumapili moja, halafu huwaoni tena. Akawaza moyoni: mwenye ufunguo lazima atarudi. Akautia ufunguo kwenye kamba nyekundu, akamvika mtoto shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha, kabla ya Jumapili hizo mbili, ikasemwa kwamba barabara ya Mahagi imetulia. Orly akapanda lori pamoja na mjomba wake, waende kutazama shamba lao kama mihogo ingali ardhini. Lori lilikutwa limeungua. Mjomba alizikwa na wengine waliozikwa. Orly hakuonekana kati ya wafu, wala kati ya wale waliotoka porini siku zilizofuata. Na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Jumanne akaja Muzee Fulgence, babu yake Emery, aliyewahi kuwa mwalimu. Kwapani alikuwa na msumeno wa chuma uliofungwa ndani ya gazeti. Alipewa kiti, hakukaa.

"Mama Domitille, mimi nakuheshimu. Lakini prefe wa shule amesema Ijumaa njo mwisho. Franga ya mutoto iko ndani ya ile sanduku. Asipolipa, jina yake haiendi ku examen."

"Najua, Muzee."

"Unajua, na unaipaka mafuta." Akainyoshea kadena ya tatu kidole. "Weye ulifundisha watoto kufunga. Haukuwafundisha kufungua."

Neno hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa la kweli. Akatafuta pahali pa kuweka mikono yake, akaiweka juu ya magoti.

"Sheria tuliiweka pamoja," akasema. "Watu watatu."

"Na mumoja haiko. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Tena ule mutoto alikuwa wa wale wa kule. Juu ya nini watoto wetu wafungwe sababu ya wale?"

"Muzee, ndani ya hii nyumba hakuna wale. Kuko watoto wa sanduku."

Muzee Fulgence akatazama sakafu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mjukuu mmoja tu aliyebaki. Akauweka msumeno juu ya meza, pamoja na gazeti lake.

"Mi siwezi kukata kwa nguvu ndani ya nyumba ya mujane. Utakata weye mwenyewe," akasema, akaenda zake.

Mama Domitille akakaa na msumeno ule mpaka maharage yakaungua jikoni. Aliuinua mara moja, akaugusisha meno yake kwenye kadena, akauondoa upesi kama mtu aliyegusa jeraha la mwenziwe. Akajifunga kitenge, akaenda kambini kumtafuta mama yake Orly.

Alimkuta Adeline mlangoni pa hema lake, kati ya mahema yaliyobanana kama meno. Tangu habari ya lori, Adeline hakuonekana kanisani wala kisimani. Majirani ndio waliomchotea maji. Ndani, juu ya godoro, kulikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mama Domitille hakuuliza chakula hicho ni cha nani. Na yeye aliwahi kufunika sahani.

"Umekuja kuniambia munakata," Adeline akasema.

"Nimekuja kukuuliza."

"Ile kadena iko na ufunguo. Ufunguo iko na mutoto. Kitu ambacho ufunguo wake unatembea, munakikata namna gani?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mukikata, munasema amekufa. Mimi sijasema. Padri hajasema. Nani amesema?"

"Hakuna mutu."

"Basi."

Mtoto wa jirani alikuwa anasukuma gurudumu kwa fimbo, akapita, akarudi, akapita.

"Namusikia," Adeline akasema. "Mangaribi ikifika. Anapitisha kitu juu ya hema, hivi." Akanyoosha mkono, akaburuza ukucha juu ya turubai kutoka juu mpaka chini. Kri-kri-kri. "Nikitoka, hakuna. Wanasema akili imeniruka."

Mama Domitille akautazama ukucha ule. Sauti ile alikuwa hajamwambia mtu, hata padri katika maungamo, maana hakujua kama ni dhambi au ni nini.

"Na mimi namusikia," akasema. "Pale kwangu, langoni."

Adeline akamgeukia, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Waliketi bega kwa bega wakitega masikio, mpaka yule mtoto wa gurudumu alipoitwa kula.

Njiani kurudi, Mama Domitille alijua mambo mawili. Kadena ile hataikata, Adeline akiwa katika hali ile. Na Emery lazima aandike mtihani wake. Alivizungusha vitu hivyo viwili kichwani kama mtu anayepanga vyungu viwili juu ya jiko moja.

Nyumbani alifungua kabati, akalitoa koti la Isidore, mume wake.

Mtaa mzima ulilijua koti hilo. Kila Jumamosi, mvua isiponyesha, lilianikwa kwenye kamba mbele ya nyumba, zito, jeusi, na kola ya manyoya. Katika vita vile vya kwanza, mumewe aliondoka na lori kwenda Niania kuleta mafuta ya mawese. Asubuhi hiyo kulikuwa na joto. "Liache," alisema, "nitalivaa nikirudi." Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alimzika. Mama Domitille alilibadilisha bitana lilipochakaa. Aliliwekea dawa ya nondo. Mwaka ule wa njaa kubwa aliuza sufuria zake na kitanda chake, koti hakuliuza.

Sasa akalilaza juu ya magoti, akatia mkono mfukoni. Palikuwa na kijiti cha kiberiti, kilekile cha siku zote. Akawaza: kungoja kwangu mimi kumeshakuwa kuzee, meno yameng'oka. Kungoja kwa Adeline bado kunanyonya. Mzee humpisha mtoto kulala karibu na moto. Akapiga magoti, akasali sala ambayo hakuwahi kuisali, ya kumkabidhi Isidore kwa Mungu bila kuuliza yuko wapi. Sala ilikuwa fupi. Alifikiri itakuwa ndefu.

Alhamisi akalipeleka sokoni. Akalishika mikononi karibu na wauza nguo zilizokwisha kuvaliwa, hakulitandika chini. Wengi waligusa kola, wakataja bei za dharau. Mwishowe akasimama kijana mwendesha pikipiki, mmoja wa wale wanaopeleka watu njia za mbali ambako baridi ya alfajiri inakata mbavu. Akalijaribu. Lilimkaa mabegani kana kwamba alipimiwa.

"Mama, hii koti ni ya nani?"

"Ya mutu aliyechelewa."

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha wa mama. Hakubishana sana juu ya bei.

"Unaenda nayo wapi?" Mama Domitille akamwuliza.

"Mahagi. Kesho asubuhi, na abiria."

Akawasha pikipiki. Mama Domitille akasimama katikati ya soko, watu wanampita kushoto na kulia, akautazama mgongo wa Isidore ukiondoka kwa mara ya pili. Ile ya kwanza alikuwa anaosha vyombo, hakuuona.

Emery alipopewa pesa hakuipokea mara moja. Alikuwa mvulana mrefu, mwenye tabia ya kusimama mguu mmoja akiwa na mashaka.

"Mama, hii si yangu. Yangu iko ndani ya sanduku."

"Najua pahali iko."

"Sasa hii ni nini?"

"Hii ni koti. Kimbia ku biro ya shule, prefe asifunge mulango."

Akakimbia.

Jumamosi kulikuwa na jua kali, na kamba mbele ya nyumba ilikuwa tupu. Watu walipita, wakatazama, wakaendelea, kisha wakageuka kutazama tena. Jua lilipoanza kushuka, Mama Domitille alimwona Adeline amesimama nje ya lango, na beseni la nguo za watu kichwani. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kimemzunguka mara mbili.

"Koti iko wapi?"

"Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Barabara ya Mahagi, juu ya pikipiki."

Adeline akateremsha beseni polepole. "Sababu ya nini?"

"Emery alikuwa anapashwa kuandika examen. Na kadena sikuikata."

Adeline akaitazama kamba. Alitazama kamba muda mrefu, kama bado kuna kitu kinaning'inia.

"Sasa baba Isidore akirudi," akasema, "atavaa nini?"

"Akirudi tutamutafutia ingine." Mama Domitille alikuwa hajajua anaamini hivyo mpaka alipojisikia anasema. "Hatakataa kuingia nyumbani sababu ya koti, Adeline."

Adeline akalipandisha beseni kichwani, akaenda bila kuaga.

Jumapili watoto walikuja. Wakavua viatu, wakakaa. Emery akafungua ya kwanza, Rébecca ya pili. Lionel alikuwa ameshika pesa yake, macho tayari yako upande wa kibanda cha biskuti.

"Tungoje kidogo," Mama Domitille akasema.

Kri-kri-kri.

Rébecca akamshika Emery mkono. Mbwa wa jirani akabweka. Hii haikuwa ya upepo, na haikuwa ya kichwa cha mtu mmoja, maana wote walikuwa wameshasimama. Mama Domitille akaenda langoni, akafungua.

Alikuwa Adeline. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na mkononi alikuwa na kadena mpya, ndogo, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ufunguo wake ndio aliokuwa ameuburuza juu ya bati.

"Nilitaka kusikia inatoka wapi ile kelele," akasema. "Musumeno iko wapi?"

Emery akataka kumsaidia. Akamkatalia. Akapiga magoti penye sanduku, akakata mwenyewe. Kazi haikwenda, mafuta yalikuwa mengi, msumeno ulikuwa unateleza, na Rébecca akainama akaifuta kadena kwa pindo la gauni lake. Hakuna aliyeimba wala kusali. Ilisikika sauti ya chuma tu, na Adeline akihema. Shingo ya kadena ilipokatika, wote walitazama lango. Hawakuambizana. Walilitazama tu, kidogo, wakarudisha macho.

Sanduku lilitoa harufu ya nguo iliyofungiwa. Rébecca akatoa mfuko wenye ndege wa kijani, akampa Adeline kwa mikono miwili. Adeline hakuufungua. Aliupima kiganjani.

"Alisema ni ya nini?"

"Bati," watoto wakajibu.

"Ngapi?"

"Moja."

Adeline akatoa sauti ambayo nusu ilikuwa kicheko. "Bati moja. Bati moja inafunika nini?"

"Moja ikifika, itaita ingine," Lionel akasema, kama anayejibu katekisimu.

Adeline akainamisha kichwa. Alikaa hivyo, na watoto wakamwacha akae. Kisha akafungua pembe ya kitenge chake, akatoa noti aliyolipwa kwa kufua, akaitia ndani ya mfuko wa ndege wa kijani, akakaza kamba, akaurudisha ndani ya sanduku pahali pake.

Baada yake wakaingiza wengine, kila mmoja akisema anatafuta nini. Lionel alikuwa na kidogo kuliko wote, akasema atalipa Jumapili mbili za biskuti kwa kutokula andazi. Emery alitoa pesa yake ya mtihani, akampa Mama Domitille, na Mama Domitille akaipokea. Hakuwa mtu wa kukataa pesa mbele ya watoto aliowafundisha kazi ya pesa.

Walipokuja kufunga, Adeline aliitia kadena mpya mahali pa ile ya zamani. Akatafuta pahali pa kuweka ufunguo. Mama Domitille aliona, akaingia chumbani, akatoka na kipande cha kamba nyekundu kilichobaki siku ile. Akautia ufunguo, akamvika shingoni.

"Jumapili, nisichelewe," Adeline akasema.

"Usichelewe. Bila weye haifunguke."

Wote walipokwisha kwenda, Mama Domitille akaiokota ile kadena iliyokatwa. Shingo ilikuwa vipande viwili, lakini tundu la ufunguo lilikuwa zima. Akachovya kidole ndani ya mafuta ya mawese, akaipaka, akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, tundu likitazama barabara.